Risasi Iliyogoma na Ushahidi wa Mpigaji

Mjadala kuhusu silaha hauishi nchini humu. Huulizwa ni nani anayemiliki bunduki, aliipata wapi na kwa kibali cha nani. Maswali hayo ni ya haki, wala sikusudii kuyapuuza. Lakini lipo swali jingine ambalo aghalabu haliulizwi: je, risasi iliyomo ndani ya bunduki hiyo, iliyoundwa kiwandani, ikatiwa katika kisanduku na kupigwa mhuri, italia itakapohitajika? Polisi anayewafuata wezi wa mifugo bondeni, askari wa wanyamapori aliyekabiliwa na nyati aliyejeruhiwa, hata mlenga shabaha wa mashindano, wote humtegemea mtu wasiyemjua, aliyekaa mbele ya mashine miaka kadhaa iliyopita na pengine katika nchi ya mbali.

Huenda msomaji akashangaa mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mambo ya baruti. Namwomba anistahimilie kidogo. Ubora wa risasi ya kiwandani hujulikana kwa ushahidi, na ushahidi hauwezi kutolewa bila ya maneno. Hapo ndipo taaluma yangu inapopata mlango wa kuingilia.

Tuanze na kibiriti. Ukinunua redio, muuzaji huiwasha dukani ukaisikia. Ukinunua kalamu, huijaribu kwenye kipande cha karatasi. Kibiriti je? Huwezi kuijua njiti kama ni nzima ila kwa kuiwasha, na ukishaiwasha huna njiti tena. Risasi ni ya jamii hiyo hiyo ya vitu. Kiwanda hakiwezi kuipiga kila risasi kabla ya kuiuza; hakuna budi kuchukua chache kutoka katika fungu zima, kuzipiga, na kuyakadiria mengine kwa hizo. Hesabu yake naweza kuwaachia walimu wa hisabati, lakini mfano mmoja hautadhuru. Tuseme katika kila risasi 1,000 mna moja iliyo mbovu, na mpimaji akachukua 100 za kujaribu. Uwezekano kwamba hataona hata moja mbovu ni takriban asilimia 90. Atatia sahihi yake kwa moyo safi, na fungu litakwenda zake. Ikiwa fungu lile lina risasi 1,000,000, basi 1,000 zilizo mbovu zimetoka mlangoni zikiwa na cheti kizuri. Mpimaji hakusema uongo. Ni kwamba mtihani wa mwisho wa risasi hizo hufanyika mikononi mwa mpigaji, na majibu ya mtihani huo ni yeye peke yake awezaye kuyatoa.

Mambo hayakuwa hivi tangu asili. Aliyekuwa na bunduki ya gumegume alijipimia baruti yake mwenyewe, akaishindilia kwa mdeki, akatia risasi, na bunduki ilipokataa alijua pa kutazama: baruti ilikuwa na unyevu, au alikosea kipimo, au mfanyabiashara alimpunja. Kamusi za kale za Kiswahili zinatupa neno ambalo vijana wa leo hawalijui kwa maana hiyo: kiasi, yaani baruti na risasi zilizofungwa pamoja tayari kwa kupigwa mara moja. Nadhani chanzo cha jina kiko wazi, kwani ni kipimo kilichokwisha kupimwa. Kwa kukubali kiasi cha kiwandani, mpigaji alipata wepesi na kasi, lakini alikabidhi upimaji kwa mwingine. Kuanzia hapo hana la kufanya isipokuwa kuamini, au kulalamika.

Na je, malalamiko yake husikilizwa? Upo mfano mmoja ambao umeandikwa kwa urefu kuliko yote, nao ni wa jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam. Nitaueleza kwa utulivu kwa sababu yote ninayotaka kuyasema yamo ndani yake.

Bunduki iliyokuja kuitwa M16 ilibuniwa na Eugene Stoner mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ilibuniwa pamoja na aina maalumu ya baruti. Jeshi lilipoichukua liliweka sharti kwamba risasi yake iende kasi ya futi 3,250 kwa sekunde, yaani karibu mita 990. Baruti ya awali ilishindwa kutimiza sharti hilo katika uzalishaji mkubwa bila kuzidisha shinikizo ndani ya bunduki. Mwaka wa 1964 jeshi likaidhinisha baruti nyingine, ya chembe za mviringo, ambayo ilikuwa imetumika kwa mafanikio katika risasi kubwa zaidi za milimita 7.62. Baruti hiyo haikuwa mbaya kwa nafsi yake. Ilikuwa mbaya kwa bunduki hii. Iliifanya ipige kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, na kwa kuwa ilitiwa chokaa ili kuzuia asidi isiiharibu, iliacha masizi mengi katika kibomba cha gesi. Juu ya hayo, chemba ya bunduki haikupakwa kromu, na katika nchi yenye mvua na joto kama ile ikaota kutu na vishimo vidogo vidogo. Askari nao waliambiwa kwamba silaha hii haihitaji kusafishwa sana, na wengi hawakupewa hata vifaa vya kuisafishia.

Matokeo yake yalikuwa kwamba ganda tupu lilinata ndani ya chemba baada ya risasi kutoka. Bunduki inapofikwa na hali hiyo hugeuka kipande cha chuma. Hakuna njia ya kulitoa ganda ila kulisukuma kutoka mdomoni mwa mtutu kwa ufito, kama babu zetu na mideki yao, na hayo yote mbele ya adui anayekupiga.

Askari walisema. Waliwaambia wakubwa wao, na jibu walilopewa mara nyingi ni kwamba wao ni wachafu, hawatunzi silaha. Ndipo wakaanza kuwaandikia wazazi wao. Barua moja ya askari aliyepigana katika vilima vya karibu na Khe Sanh ilichapishwa katika gazeti la New Jersey, na mwezi wa Mei 1967 mbunge mmoja wa jimbo hilo akaisoma bungeni. Ilieleza jinsi wenzake waliokufa walivyokutwa na bunduki zilizofunguliwa kando yao, wakiwa wamekufa wakijaribu kuzitengeneza. Bunge lilikuwa limekwisha kuunda kamati ndogo chini ya Richard Ichord wa Missouri. Wajumbe walisafiri hadi Vietnam, wakawahoji askari wenyewe, na Oktoba mwaka huo wakatoa ripoti. Walibainisha kuwa kiwanda cha bunduki kiliruhusiwa kuzipima bunduki zake kwa risasi za baruti ya zamani, maana kwa baruti mpya zisingefaulu mtihani, ilhali waliokuwa vitani waliletewa risasi za baruti mpya. Kamati ikasema kwamba kushindwa kwa wakubwa wa jeshi kuchukua hatua juu ya kasoro za risasi hizo kulikaribia kuwa uzembe wa jinai.

Hebu tulitafakari hilo la kupima kwa baruti moja na kupigana kwa nyingine. Mwalimu yeyote anajua kufundisha somo moja na kutahini lingine ni dhuluma kwa mwanafunzi. Hapa ilikuwa kinyume chake: mtihani ulirahisishwa ili mtahiniwa apite, kisha akapelekwa mahali ambapo watu walikufa kwa kupita kwake.

Hatimaye mambo yalitengenezwa. Chemba zikapakwa kromu, sehemu inayopunguza kasi ya mwendo wa bunduki ikabadilishwa, chokaa katika baruti ikapunguzwa baadaye, na vifaa vya kusafishia vikagawanywa. Mwaka wa 1968 jeshi lilitoa kijitabu cha vibonzo kilichochorwa na Will Eisner, chenye kurasa 32, kikimfundisha askari jinsi ya kuitunza bunduki kwa lugha ya kambini. (Kina mizaha kuhusu wanawake ambayo mwalimu wa leo asingeipitisha darasani, lakini kilisomwa, na hilo si jambo dogo kwa kitabu cha serikali.) Hata hivyo, naona jambo moja. Kijitabu kilikuwa maneno yanayoshuka kutoka juu. Maneno yaliyopanda kutoka chini hayakuwa na njia rasmi ya kupitia hadi yalipopenya kwa barua za nyumbani. Tangu baruti ilipobadilishwa hadi ripoti ilipotoka, ilipita miaka mitatu.

Wala tusidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Katika wiki moja ya kuelekea mapambano ya Somme, mwaka wa 1916, Waingereza walirusha makombora ya mizinga yapatayo milioni 1.5. Viwanda vilikuwa vimepanuliwa kwa pupa kufuatia uhaba wa mwaka uliotangulia, idadi ikatukuzwa kuliko ubora, na sehemu kubwa ya makombora hayo haikulipuka. Wakulima wa Ufaransa huyafukua mpaka hivi leo wanapolima mashamba yao.

Sasa nije kwetu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani hulinda wanyama katika hifadhi ambayo sitaitaja. Alinieleza kwamba siku moja alivuta kifyatulio, akasikia mlio mdogo wa chuma, kisha kimya. Kwa bahati njema hakuifungua bunduki papo hapo. Kitambo kidogo ikalia yenyewe. Aliporudi kambini aliandika katika daftari la matukio kwamba silaha ilikataa. Afisa aliyesoma maneno hayo akaipeleka silaha kwa fundi, fundi akaikagua, akaikuta nzima. Kijana akaonywa awe makini zaidi. Risasi zilizosalia katika sanduku lile zikarudishwa ghalani, na bila shaka mtu mwingine amepewa.

Ukiisoma kwa jicho la mwanaisimu, ripoti ile ilipotoka katika neno lake la kwanza. Silaha haikukataa. Kilichokuwa na kasoro ni risasi, tena kasoro ya aina moja tu: fataki iliwaka kivivu, au baruti ilichelewa kushika moto. Kwa kusema silaha, kijana yule aliipa bunduki hatia isiyokuwa yake na kuisafisha risasi. Simlaumu hata chembe, kwani lugha tunayoitumia kila siku haikumpa kitu bora. Neno risasi lenyewe, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni madini yale mazito ya kijivu, kwetu limebeba maana tatu: madini hayo, kile kipande kinachoruka kwenda kwa mlengwa, na kile kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kichwa. Mtu akisema risasi ilikwama, unaelewa nini? Yawezekana ilishindwa kuingia katika chemba. Yawezekana iliingia, ikapigwa, na ganda likakataa kutoka, kama kule Vietnam. Au yawezekana baruti ilikuwa haba, ikalia kwa sauti hafifu, na kichwa kikasimama katikati ya mtutu. Hii ya tatu ndiyo ya kuogofya kuliko zote, kwa kuwa mpigaji akifyatua nyingine nyuma yake mtutu waweza kupasuka usoni mwake. Hali tatu, sababu tatu, hatari tatu tofauti, na sisi tunazo herufi zile zile katika daftari.

Nao wanaosema Kiingereza wana neno moja jepesi wanalolitumia kwa kila bunduki iliyosimama, na naamini lilichangia ucheleweshaji wa miaka ile ya 1960. Malalamiko ya jumla hujibiwa kwa jibu la jumla: safisha bunduki yako. Lakini askari akisema ganda limenata chembani na ukingo wake umekatika, hapo hawezi tena kuambiwa hadithi ya uchafu. Itabidi mtu alichukue ganda lile alitazame.

Nataka niwe mwadilifu kwa wenye viwanda. Si kila risasi inayogoma imegomea kiwandani. Yenyewe ikihifadhiwa pakavu na penye ubaridi hukaa miongo mingi ikiwa nzima, lakini ikiachwa ndani ya gari linalochomwa na jua la Turkana, au ikipakwa mafuta mengi yakapenya hadi kwenye fataki, huharibika bila kosa la aliyeiunda. Springi iliyolegea hupiga fataki kwa unyonge, na risasi ikalaumiwa. Tena zipo aina ambazo kwa umbile lake hugoma zaidi. Risasi ndogo za inchi .22, ambazo wanaojifunza shabaha huzitumia kwa urahisi wa bei, hazina fataki ya pekee katikati ya kitako. Dawa ya kuwashia husambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na isipoenea sawasawa patakuwa na upande mtupu. Mpigaji huizungusha kidogo risasi hiyo hiyo, akaipiga tena upande mwingine, ikalia. Mlenga shabaha mzoefu hukwambia haya bila kinyongo, na pia hukwambia ni fungu lipi la kiwanda gani limemsumbua. Uzoefu wa namna hii ni elimu, nasi tumeuacha uishie katika mazungumzo ya kando ya uwanja.

Mataifa mengine yameuwekea utaratibu. Tangu mwaka wa 1914 kuna chombo cha kimataifa chenye makao yake Ubelgiji ambacho nchi wanachama wake, nyingi zikiwa za Ulaya, hukubaliana juu ya vipimo na shinikizo la risasi, na sheria huzitaka risasi za kuuzwa kwa raia zipimwe na mamlaka yaliyoidhinishwa. Marekani imefuata njia ya pili: wenye viwanda wenyewe waliunda chama chao mwaka wa 1926 na kuweka vipimo ambavyo hufuatwa kwa hiari. Msomaji achague apendalo. Mimi nina mashaka na hiari, lakini nakiri kwamba hata katika njia hiyo ya hiari kuna desturi moja nzuri. Kiwanda kikigundua kasoro hutangaza hadharani namba za mafungu yaliyoharibika, kikiwaomba wanunuzi waache kuyatumia na kuyarudisha. Tangazo kama hilo huwezekana kwa sababu mpigaji fulani, mahali fulani, alilisoma sanduku lake, akanakili namba na kueleza kilichotokea kwa maneno yanayoeleweka.

Kenya inacho kiwanda chake cha risasi huko Eldoret, kilichoanzishwa katika miaka ya 1990, na pia huagiza nyingine kutoka nje. Sina shutuma yoyote juu ya bidhaa zake, wala sina ushahidi wa kuitoa. Ninalouliza ni la barabara ya kurudia. Sanduku likishatoka ghalani na kufika Baragoi, Kapedo au Ijara, neno la mpigaji hurudi kwa njia gani, na kwa lugha ipi? Katiba ya mwaka wa 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Kama ni rasmi, basi ifae kuandikia habari ya risasi iliyogoma, na isiwe lazima askari aitafsiri hofu yake kwanza kwa Kiingereza cha kuokoteza ndipo isikilizwe. Kamati ya ulinzi ya Bunge yaweza kuliuliza swali hili bila kungoja barua ya marehemu.

Sehemu yetu sisi wa vyuo na shule ni maneno. Napendekeza tulifufue neno kiasi kwa ile iliyo nzima, na tuliache neno risasi kwa kile kinachoruka. Ganda, fataki na baruti yapo tayari. Fataki hasa yafaa kurudishiwa maana yake ya zamani, maana vijana huijua ya sherehe tu. Kwa kasoro tuseme kiasi bubu, ambacho hakilii kabisa. Kiasi kichelevu, ambacho hulia baada ya kitambo. Kiasi hafifu, ambacho hulia kinyonge na huenda kikaacha risasi mtutuni. Na ganda lililonata. Mwenye maneno mazuri zaidi ayalete, hatutagombana. Walimu wa sekondari wanaweza kuwapa wanafunzi wao zoezi la kuandika ripoti fupi ya tukio kwa kutumia istilahi hizi, kwani katika mabweni yao wamo polisi na walinzi wa kesho.

Wanaofundisha askari wangali na kazi ya kuambatanisha kila neno na kitendo chake. Kiasi kikiwa bubu, elekeza mtutu mahali salama usubiri sekunde 30 kabla ya kuifungua bunduki, kwa sababu hujui kama ni bubu au ni kichelevu. Kikiwa hafifu, usipige kingine hata kama unashambuliwa, mpaka umehakikisha mtutu u wazi.

Na ile ripoti yenyewe haihitaji kuzidi ukurasa mmoja. Aina ya kasoro, iandikwe kwa neno lake. Aina ya bunduki. Siku na hali ya hewa. Risasi zilipohifadhiwa na kwa muda gani. Kiasi chenyewe au ganda lake lifungwe katika bahasha na kuambatanishwa. Lakini juu kabisa, kabla ya jina la mpigaji, iandikwe namba ya fungu iliyo kwenye sanduku, kwa maana masanduku hutupwa siku ile ile yanapofunguliwa, na baada ya hapo hakuna atakayeweza kusema wenzake wa risasi ile wamelala katika ghala gani.